Je, wajua kwa nini watu wa Kasai, eneo la almasi katika Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), walizikataa noti mpya za Rais Mobutu?

Januari 1993, askari wa Zaire walilipwa mshahara kwa noti ambazo zilikuwa bado zinanukia wino, kila moja ya zaire milioni tano. Wakaenda nazo sokoni Kinshasa. Wenye maduka wakazitazama, wakawarudishia. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi alikuwa amekwisha kutangaza kuwa noti hiyo si pesa halali, wakati Rais Mobutu Sese Seko alishikilia kuwa ni halali. Askari wakaingia mitaani na bunduki zao, wakapora, na watu wengi wakafa. Mmoja wao alikuwa balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliyepigwa risasi akiwa ubalozini.

Wengi wetu tumeujua mkasa wa Zaire kwa picha. Mwaka 1999 Mbelgiji Thierry Michel alitoa filamu ndefu ya hali halisi juu ya Mobutu, na picha za utawala ule zimezoeleka: kofia ya ngozi ya chui, makasri ya Gbadolite katikati ya msitu, uwanja uliojengwa ili ndege ya kasi ya Concorde iweze kutua, sura ya rais ikishuka kutoka mawinguni kabla ya taarifa ya habari. Yote hayo yalikuwapo. Lakini naona picha hizo zinamfanya mtazamaji aamini kuwa nchi ilifilisika kwa sababu mtu mmoja alipenda anasa. Makasri peke yake hayawezi kuimaliza nchi yenye shaba, kobalti na almasi. Uharibifu mkubwa ulifanyika mahali ambapo kamera haioni kitu cha kuvutia, yaani kwenye vitabu vya hesabu vya Benki ya Zaire.

Pesa iliyoitwa zaire ilipoanza kutumika mwaka 1967, zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Iligawanywa katika makuta mia, na hadi leo mtu wa Lubumbashi akisema makuta anamaanisha pesa. Nyuma ya noti zile kulikuwa na shaba. Mwaka huohuo serikali iliitaifisha migodi ya Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, na kampuni iliyozaliwa hapo ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines. Hata jimbo la Katanga lilipewa jina la Kiswahili, Shaba. Kule Kolwezi na Likasi kampuni ilikuwa kama mzazi: ilitoa nyumba, shule, hospitali, na posho ya unga wa mahindi.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kuwa biashara na mashamba ya wageni yatakabidhiwa kwa wananchi. Wananchi wenyewe hawakuyaona. Wagiriki, Wareno na Wahindi waliondolewa madukani, na funguo zikaenda kwa wakubwa wa chama, jamaa zao na marafiki zao. Wengi waliuza mali iliyokuwa kwenye rafu na hawakuagiza nyingine. Mwaka uliofuata bei ya shaba duniani ikaanza kuanguka, ikashuka kwa zaidi ya nusu, huku serikali ikiwa imekwisha kukopa kwa ajili ya miradi mikubwa kama njia ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Shaba, zaidi ya kilomita 1,700.

Wakopeshaji walipoingiwa na hofu, Shirika la Fedha la Kimataifa lilimtuma Mjerumani Erwin Blumenthal mwaka 1978 akae ndani ya benki kuu na kuweka utaratibu. Alikuta kwamba hakuna mpaka kati ya mfuko wa rais na mfuko wa nchi. Aliondoka mwaka uliofuata, na katika ripoti yake ya mwaka 1982 akaandika kuwa waliokuwa wakiidai Zaire hawana matumaini ya kurudishiwa fedha zao. Nchi za Magharibi zilimhitaji Mobutu katika Vita Baridi, hivyo ziliendelea kumkopesha hata baada ya onyo hilo. Hili linaniuma kuliko makasri, kwa sababu deni hilo waliachiwa watoto ambao walikuwa hawajazaliwa.

Kisha migodi yenyewe ikafa. Fedha za matengenezo zilikuwa zimeliwa kwa miaka mingi, na mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1994 ilitoa kama tani 30,000 tu. Misaada nayo ilikuwa imekatwa. Serikali isiyo na shaba, kodi wala mkopo ikabaki na chanzo kimoja cha fedha, yaani kuchapa noti.

Noti mpya haiwafikii watu wote siku moja. Anayeipata kwanza, aliye karibu na ikulu, anaibadili kuwa dola kabla bei hazijapanda. Mama anayeuza chikwangue, yaani mkate wa muhogo, sokoni anaipokea wiki kadhaa baadaye, na kwa faida yote ya siku hawezi tena kununua muhogo wa kesho. Tofauti kati ya wawili hao ndiyo mali iliyoibwa, na hakuna aliyevunja mlango wa mtu. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000.

Oktoba 1993 serikali ilileta zaire mpya, na moja ilibadilishwa kwa zaire milioni tatu za zamani. Kasai ikakataa. Tshisekedi alikuwa mtu wao, naye aliipinga pesa hiyo. Tena uchungu ulikuwa mbichi: katika miaka hiyohiyo maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Shaba, wengine baada ya vizazi viwili migodini, wakalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakisubiri treni. Wasingeiamini karatasi nyingine kutoka Kinshasa. Waliendelea kuuziana unga, nguo na almasi za Mbuji-Mayi kwa noti kuukuu, zilizochakaa na kuungwa kwa gundi.

Noti hizo zilikuwa zimefutwa rasmi, na kwa sababu hiyohiyo hakuna aliyechapa nyingine. Idadi yake haikuongezeka, hivyo Kasai ikaepuka sehemu kubwa ya mfumuko wa bei uliokuwa ukiwatesa jirani zao. Pesa isiyo na serikali nyuma yake ilitunza thamani kuliko ile yenye saini ya gavana wa benki kuu.

Mobutu alikimbia Mei 1997, akafia Rabat Septemba mwaka huo. Faranga ya Kongo ilipoanzishwa Juni 1998, zaire mpya zilibadilishwa kwa kiwango cha 100,000 kwa faranga moja. Kwa hesabu ya mwaka 1993, hizo ni zaire bilioni 300 za zamani. Mtu wa Kasai aliyekuja na noti zake kuukuu alipewa faranga hiyohiyo moja kwa zaire milioni 14.