Gazeti hulisomi, lakini ilani yako imo humo

Siku hizi kwenye kaunta ya usajili wa ardhi ninapofanya kazi hapa Kenya, neno linalorudiwa kuliko yote ni "Sikuambiwa." Malalamiko haya yamezidi, ndiyo maana naandika. Mlalamishi huwa hasemi uongo. Ameambiwa, ila ameambiwa kupitia ilani ya ardhi gazetini, naye aliacha kununua gazeti kitambo.

Hatumlaumu mtu kwa hilo. Zamani nakala moja ya Taifa Leo ikifika kwa kinyozi asubuhi ilipita mikono mingi kabla ya jioni, na aliyemaliza kurasa za mpira alisoma hata matangazo ya mirathi akingoja zamu yake. Leo habari hizo zimefika kwenye simu tangu usiku. Kinachozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni ukurasa wa kwanza. Ilani za ardhi hukaa kurasa za ndani, na hizo hakuna anayezipiga picha.

Sheria lakini haijahamia kwenye simu. Iwapo ibadilishwe au isibadilishwe, hilo ni la Bunge, na ofisi ya usajili haina la kusema. Kwa sasa tunaitekeleza ilivyo.

Chukua hatimiliki iliyopotea. Chini ya kifungu cha 33 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, wamiliki wote waliosajiliwa hutoa tamko la kiapo kwamba hati imepotea au imeharibika. Msajili akiridhika, hutangaza upotevu huo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na katika magazeti mawili yanayosambazwa nchi nzima. Siku 60 huhesabiwa kuanzia tarehe ya tangazo litakalotangulia. Zikiisha bila pingamizi, hati mpya inaweza kutolewa.

Sasa fikiria kwamba hati haikupotea. Iko sandukuni kwa mama yako kijijini, na aliyeapa ni mtu aliyejifanya yeye. Zile siku 60 ndizo nafasi ya mama kuja na hati yake mkononi. Zikipita, bado anaweza kwenda mahakamani, maana kifungu cha 26 kinaruhusu hati iliyopatikana kwa ulaghai kupingwa, na mahakama inaweza kuamuru daftari la usajili lirekebishwe. Aliyejipatia usajili kwa udanganyifu anaweza kufungwa mwaka mmoja chini ya kifungu cha 320 cha Kanuni ya Adhabu, mbali na makosa mengine atakayoshtakiwa. Lakini mama atakuwa ameanza safari ya mawakili na tarehe za kesi, wakati barua ya pingamizi ingemchukua asubuhi moja.

Wako wanaotuambia kwamba kwa kuwa magazeti hayasomwi tena, ilani zake hazina nguvu. Si kweli, na tafadhali msiendelee kudanganyana. Sheria huuliza kama ilani ilichapishwa. Haiulizi kama wewe uliisoma.

Jambo jingine nimelieleza mara nyingi mno: Gazeti Rasmi si Taifa Leo wala Daily Nation. Huchapishwa na Mpiga Chapa wa Serikali, kwa kawaida kila Ijumaa, na kwa muuza magazeti wa stendi hulipati. Kenya Law, taasisi ya serikali inayochapisha sheria, huliweka kwenye tovuti yake bila malipo. Tafuta kwa jina la mmiliki na kwa nambari ya kiwanja, yote mawili, kwa sababu majina huandikwa kwa namna tofauti.

Ukifiwa, anza kulitazama kila wiki. Mtu akiomba usimamizi wa mirathi, ilani hutolewa na wenye pingamizi hupewa siku zisizopungua 30. Tumeona ndugu wa damu wakijua habari hizo baada ya shamba kuuzwa.

Kwa mali iliyowekwa rehani, mdaiwa huandikiwa barua kwanza. Dalali wa mnada naye humpa notisi ya siku zisizopungua 45 ya kuikomboa, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini. Mke au mume ambaye hakuonyeshwa barua hizo, mara nyingi tangazo hilo ndilo habari yake ya kwanza. Kwa hiyo msilidharau gazeti la juzi lililofungiwa mandazi.

Ukiona ilani inayokuhusu, usitupigie simu ukaishia hapo. Andika barua ya pingamizi yenye nambari ya kiwanja, nambari ya ilani, maslahi yako katika ardhi hiyo na sahihi yako, kisha uambatanishe nakala ya kitambulisho na ya hati. Ilete kwenye ofisi ya usajili ilikosajiliwa ardhi hiyo na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Na ukija na gazeti, leta ukurasa mzima. Watu hukata kijisehemu cha tangazo kwa mkasi na kuacha tarehe ya juu, nasi bila tarehe hiyo hatuwezi kukuhesabia siku zilizosalia.