Mume au mke kijana akifa kwa saratani: yanayosemwa msibani na ukweli wake

Akifa mzee, watu husema siku zake zimetimia. Akifa mke wa miaka thelathini na kitu, kila aliyekaa mkekani anatafuta sababu. Maneno haya yanasikika sana misibani hapa Tanga, na mengi humwangukia aliyebaki.

"Wasingemkata nyama, angekuwa hai."
Hili ndilo linalotesa kuliko yote, maana mara nyingi aliyetia sahihi ile fomu ya kukubali kinyama kikatwe kikapimwe ni mume. Mgane mmoja wa Makorora ametunza kadi za kliniki na risiti kwenye mfuko wa rambo, na ukikaa naye, kidole chake kinarudi palepale: tarehe aliyosaini. Kinyama kile huchukuliwa ili ijulikane kama uvimbe ni saratani, na ni ya aina gani, ndipo tiba ichaguliwe. Hakikumuua mkewe. Wagonjwa wetu wengi hufika ugonjwa ukiwa umeshasambaa: miezi imekwisha kwenye mitishamba, kisha rufaa ya kutoka Bombo, hospitali ya mkoa hapa Tanga, kisha nauli ya Dar na kutafuta ndugu wa kufikia wakati wa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani. Hali ikizidi baada ya kipimo, lawama inakiangukia kipimo.

"Shingo ya kizazi? Basi alikuwa anatoka nje."
Ni uzushi, na unamvunjia marehemu heshima mbele ya wanawe. Saratani hii, inayoongoza kwa wanawake nchini, husababishwa karibu mara zote na virusi vya HPV, vinavyopita kwa kujamiiana. Virusi hivyo huwapata watu wengi mno, hata aliyemjua mwenza mmoja tu maisha yake yote. Kwa wengi huondoka vyenyewe. Kwa wachache hubaki, na saratani huweza kuchukua miaka 15 au zaidi kujitokeza. Huwezi kujua vilitoka kwa nani, wala lini. Kama ameacha binti, mpelekeni akachanjwe: chanjo ilianza kutolewa nchi nzima 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

"Nguo zake zichomwe, saratani inaambukiza."
Haiambukizwi kwa nguo, kitanda wala sahani. Kanga zake wavae dada zake.

"Mjane arithiwe na shemeji, au arudi kwao."
Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa uhuru wa kuishi anapotaka, kuolewa na amtakaye, au asiolewe kabisa. Kwa Waislamu, fungu lake ni thumni, yaani moja ya nane, marehemu akiwa ameacha mtoto, na robo asipoacha. Akiolewa tena halinyang'anywi. Kwa hiyo mirathi ifunguliwe mahakamani kabla pikipiki na kiwanja havijapata wenyewe wengine. Na eda ya miezi minne na siku kumi haimzuii kwenda hospitali akiugua.

"Bado kijana, akioa atasahau."
Akitaka kuoa, aoe. Lakini mke mpya si dawa ya msiba, na kumharakisha ni kuwaonea wote wawili. Baada ya arobaini simu hupungua na wageni hukatika. Hapo ndipo mfikieni, mkaulize ada na sare za watoto.

"Watoto waambieni mama amesafiri."
Aliyesafiri hurudi, kwa hiyo mtoto atangoja, halafu atadhani amekimbiwa kwa utundu wake. Mwambieni: mama alikuwa na saratani, amekufa, na si kosa lako. Akiuliza tena kesho, mjibuni vilevile.