Silaha ya leseni ni nini? Mfano wa Bren

Silaha ya leseni ni ile inayoundwa katika nchi moja kwa michoro na ruhusa ya mwenye haki aliye nchi nyingine. Mwenye haki hulipwa, na anayeunda hufanya kazi kiwandani kwake mwenyewe. Si sawa na kunakili kwa wizi, wala haina maana kwamba kila kitu kinabaki kilivyokuwa.

Bren, rashasha nyepesi ya jeshi la Uingereza, inaonyesha hilo vizuri. Asili yake ni rashasha ya ZB vz. 26, kazi ya Václav Holek katika kiwanda cha Zbrojovka Brno, Chekoslovakia. Uingereza ilipata leseni mwaka 1935, na Septemba 1937 Bren ya kwanza ikakamilika kwenye kiwanda cha silaha cha Enfield, Uingereza.

Kazi ngumu ilikuwa kwenye risasi. ZB ilikula risasi ya milimita 7.92 isiyochomoza ukingo kitakoni; ile ya Waingereza, ya inchi .303, ukingo wake umechomoza, hivyo risasi zikipangwa juu ya nyingine safu yake hupinda. Ndiyo maana magazini ya Bren imepinda. Tundu la gesi, linalotoa gesi mtutuni ili iendeshe bunduki, nalo lilisogezwa nyuma, karibu zaidi na chemba inapokaa risasi, kwa kuwa baruti ya Waingereza iitwayo cordite ilijaza masizi. Michoro ikageuzwa kutoka milimita kuwa inchi.

Ukingo huo ulisumbua askari hadi mwisho. Ukingo wa risasi inayotangulia ukikaa nyuma ya ule wa inayofuata, zinaburutana na bunduki inakwama. Hivyo magazini ilihitaji kupangwa kwa makini. Inachukua 30, lakini wengi walitia 28 ili springi isielemewe. Bunduki ikisita, zoezi lilikuwa: koki (vuta kitasa nyuma), toa magazini, bonyeza kifyatulio, weka magazini nyingine, koki, piga. Ikisita tena baada ya muda mfupi, shaka iko kwenye gesi: kirekebisha gesi kina matundu manne, unageuza hadi tundu linalofuata kwa ukubwa. Ukipiga mfululizo magazini kama kumi, mtutu unabadilishwa; mkono wa kubebea ulio kwenye mtutu unakuepusha na kuungua.

Baada ya jeshi la Uingereza kuondoka Dunkirk, Ufaransa, mwaka 1940, ambako Bren nyingi ziliachwa, viwanda vya ng'ambo vilikuwa muhimu mno: Inglis ya Toronto, Lithgow ya Australia, baadaye Ishapore ya India. Askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) walikwenda nayo Burma.

Baada ya vita ilirekebishwa ipige risasi ya NATO ya milimita 7.62, ikaitwa L4. Risasi hiyo haina ukingo uliochomoza, basi magazini ikanyooka karibu kabisa. L4 ilikuwapo kwenye vita vya Uingereza na Argentina visiwani Falklands mwaka 1982.