Spika za "nyuma" hazikai nyuma kabisa

Wengi wanaonunua hom thieta ya 5.1, yaani spika 5 na sabufa, huamini kwamba zile 2 zinazoitwa za nyuma lazima zipachikwe kwenye kona za nyuma ya sebule. Imani hiyo inaeleweka: jina lenyewe linasema hivyo, na waya wake ndio mrefu kuliko zote.

Katika mpangilio wa 5.1, mahali pake ni ubavuni mwa msikilizaji, nyuma kidogo ya masikio: nyuzi 110 hadi 120 kutoka usawa wa TV. Jozi inayokaa nyuma hasa ni ile ya ziada ya mfumo wa 7.1. Tena kochi likiegemea ukuta, spika ya konani humjaza sauti aliye karibu nayo, na wengine wakakosa.

Pima mwenyewe. Keti unapoketi siku zote, elekeza dira ya simu kwenye TV, soma nyuzi, kisha igeuzie spika. Tofauti ndiyo pembe yako; ikizidi 180, itoe kwenye 360. (Usiisogeze simu karibu na spika, sumaku yake huipotosha dira.) Halafu washa sauti ya majaribio, mitambo mingi inayo. Upande mmoja ukizidi, sogeza spika hiyo au ipunguze. Urefu wake uwe juu kidogo ya masikio ya aliyeketi.