"Dokta hakumgusa hata mtoto": maswali ya wazazi wa Dar kuhusu huduma ya watoto hospitalini

Miaka niliyofanya kazi wodi ya watoto, lalamiko nililolisikia mara nyingi kuliko yote halikuhusu foleni wala dawa. Lilikuwa hili: "Sista, dokta mwenyewe hakumgusa hata mtoto." Mama anakwambia huku kakunja uso, cheti cha vipimo kimelowa jasho mkononi. Enzi hizo nilikuwa naona wazazi wanatusumbua. Kisha nikazaa, nikakalia benchi lile lile la mbao na mwanangu mapajani, nikaelewa. Maswali haya nimeulizwa na wazazi wenzangu, wa Mbagala, wa Tabata, mpaka wa Tegeta.

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi. Aliyekuja saa mbili akaingia kwanza. Ni kujuana?

Kujuana kupo, sitakudanganya. Lakini kwa watoto, mara nyingi unachokiona ni kazi inafanyika sawasawa. Wagonjwa watoto hugawanywa makundi matatu: wa dharura, wanaohudumiwa hapo hapo, wa kipaumbele, wanaovutwa mbele, na wanaoweza kusubiri zamu yao. Mtoto anayelia kwa nguvu na kurusha miguu huwaogopesha watu wote pale bandani, kumbe aliye hatarini zaidi ni yule aliyelala kimya begani kwa bibi yake, anayepumua kama aliyetoka mbio.

Tatizo ni kwamba hakuna anayewaeleza walioko kwenye benchi. Nesi anamchukua mtoto, mlango unafungwa, minong'ono inaanza. Sentensi moja tu, "Jamani, huyu hapumui vizuri," ingemaliza kazi.

Na sisi wazazi tuna kosa letu: tukifika dirishani tunasema "ana homa", basi. Sema dalili zinazobadilisha foleni. Je, hawezi kunyonya wala kunywa? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege? Amelegea, au ukimwamsha haamki vizuri? Hata moja tu kati ya hizo ikiwepo, usikae. Mwambie nesi wa kwanza unayemwona, na kama amekupita, mwambie wa pili.

Dokta aliniuliza maneno mawili, akaandika vipimo, akaita mwingine. Hakumgusa mtoto. Nitajuaje kama katibiwa vizuri?

Hapo malalamiko yako yana maana kubwa kitaalamu kuliko unavyodhani. Kuna mambo kwa mtoto ambayo maabara haiwezi kukuambia, lazima mtu amtazame na amshike.

Chukua kikohozi. Nimonia kwa mtoto mdogo hutambuliwa kwanza kwa kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, hanyonyi, hajalia. Nguo inapandishwa, kifua kinaonekana, saa inatazamwa dakika nzima. Wa miezi 2 mpaka kabla hajatimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni haraka. Wa mwaka 1 mpaka 5, ni 40 au zaidi. Kichanga chini ya miezi 2, ni 60. Halafu anaangaliwa kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa. Kama hakuna aliyefunua kifua cha mwanao, hizo pumzi hakuna aliyezihesabu. Unaruhusiwa kusema kwa adabu, "Dokta, naomba umhesabie pumzi." Nimeambiwa hivyo na mama mmoja nikiwa kazini. Niliona aibu, nikahesabu.

Kwa kuhara, ngozi ya tumbo inavutwa kidogo na kuachiwa: ikirudi polepole, maji yamepungua mwilini. Kwa ugonjwa wowote, apimwe uzito siku hiyo hiyo, usikubali wa kukisia. Dawa za watoto zinakwenda kwa kilo. Dawa ya mseto ya malaria, kwa mfano: mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 humeza kidonge 1 kwa mara moja, wa kilo 15 hadi chini ya 25 humeza 2. Mtoto wa kilo 14 na wa kilo 16 ukiwatazama tu huwatofautishi.

Kwa hiyo kipimo chako cha "kamgusa au hakumgusa" kishikilie, usikiache.

Hospitali moja walimtundikia dripu na sindano, akapona. Nyingine walimpa vidonge tu. Si wale wa kwanza ndio wanaojali?

Hapa ndipo jicho la mzazi linapodanganywa sana, na vituo vingine vinalijua hilo na kulifanyia biashara. Dripu inaonekana. Inatundikwa juu, ndugu wakija wanaiona. Kidonge cha kuyeyusha kwenye kijiko hakina heshima hiyo.

Mtoto mwenye malaria isiyo kali, anayeweza kumeza na hatapiki, dawa yake sahihi ni ya kumeza. Nimonia isiyo kali hutibiwa kwa amoksilini ya kuyeyusha kwenye maji. Mtoto anayeharisha na bado anakunywa, dawa yake ni maji ya ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, pamoja na zinki ya siku 10 hadi 14. Na mwenye mafua ya kawaida mara nyingi hahitaji antibaiotiki yoyote, hata ukikasirika.

Dripu nayo ni dawa, na ina madhara yake. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda na hapa Tanzania, kwa watoto 3,141 waliofikishwa hospitalini wakiwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Baadhi walipewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, wengine hawakupewa kwa kasi hiyo. Ndani ya saa 48, waliopewa maji ya haraka walikufa karibu 11 katika kila 100. Wasiopewa, kama 7. Hata madaktari walishtuka. Mtoto aliyekaushwa na kuharisha kiasi cha kushindwa kunywa, huyo dripu inamwokoa, na hakuhusika na utafiti ule. Lakini "mtundikie na wangu" si ombi dogo.

Cha ajabu, huku huku Pwani sindano hiyo hiyo tuliiogopa kama moto. Wazee walisema mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, kwa hiyo apelekwe kwa mganga wa kienyeji kwanza. Wapo wanaosema hivyo mpaka leo. Degedege lenye homa linaweza kuwa malaria kali, na malaria kali ndiyo hasa inayotaka sindano, tena mapema.

Ya kulipia ina marumaru na kiyoyozi. Ya serikali tunabanana. Si jibu liko wazi?

Daktari mmoja mzaliwa wa Beirut, Avedis Donabedian, aliandika mwaka 1966 kwamba ubora wa tiba utazamwe pande tatu: vilivyopo (majengo, watu, vifaa), yanayofanywa, na matokeo. Marumaru iko upande wa kwanza, tena pembeni. Ukitaka kutazama vilivyopo, tazama vyenye kazi: mtungi au mashine ya oksijeni, kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu, mizani ya watoto, maji yanayotoka bombani na sabuni. Zahanati na vituo vya afya nchini vimekuwa vikipimwa na kupewa nyota, kuanzia sifuri hadi 5. Ukiona cheti ukutani, kisome.

Nasikia chini ya miaka 5 ni bure. Mbona naambiwa nikanunue dawa nje?

Sera ndiyo hiyo: mtoto wa chini ya miaka 5 ana msamaha wa gharama kwenye vituo vya umma. Dawa ikiisha stoo, msamaha unabaki wa maneno, na mzazi anatoka getini kwenda famasi ya ng'ambo ya barabara. Wazazi wengi wanaihesabu hii kama huduma mbovu, na wako sahihi. Kwao tiba ambayo dawa yake haipo ni safari ya bure ya daladala.

Kabla hujatoa hela, omba uandikiwe jina la dawa kwa maandishi yanayosomeka, uliza kama ipo mbadala ndani, na kama huna uwezo ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini. Ndiyo inayoshughulikia msamaha. Ukiombwa "chochote kitu" kwa huduma ya bure, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, haikatwi salio.

Mimi ni baba. Mlinzi ananizuia getini mpaka muda wa kuona wagonjwa.

Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya huduma kwa watoto, vya mwaka 2018, vinataka mtoto asitenganishwe na mzazi bila sababu ya lazima, na hakuna panaposema mzazi ni mama tu. Wodi zetu ni finyu na akina mama wanalala humo, ndiyo sababu ya kanuni za geti. Ongea na sista wa zamu kuhusu kupokezana na mkeo. Mama aliyekesha siku tatu hasikii anachoambiwa kwenye raundi.

Nikilalamika, si watamchukia mwanangu?

Hofu hiyo ninayo hata mimi niliyevaa sare. Mwanangu alipolazwa, kwenye hospitali nisiyoitaja, nesi alinifokea mbele ya wodi nzima kwa sababu niliuliza kwa nini dozi ya saa sita usiku haijatolewa mpaka saa nane. Nikanyamaza. Asubuhi akapita kijana na karatasi ya maoni, nikajibu "nzuri" kila mstari. Ndiyo maana siamini sana asilimia za kuridhika zinazokusanywa kitandani. Mtu akiulizwa nyumbani kwake, mtoto keshapona, husema mengine.

Lalamika kwa mpangilio: sista kiongozi wa wodi kwanza, kisha mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa kituo. Taja siku, saa, na kilichotokea, matusi yaache. Kama ni uzembe wa kitaaluma, kuna Baraza la Madaktari Tanganyika na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Na nesi aliyekusaidia, mtaje pia. Pale wodini barua ya shukrani tuliibandika ukutani ikakaa mpaka ikapauka.

Siku ya kuruhusiwa niulize nini?

Anaumwa nini, dawa hii kiasi gani na mpaka lini, nirudi tarehe ngapi, na nikiona nini nirudi usiku huo huo bila kusubiri tarehe. Mseto, kwa mfano, dozi ya pili ni baada ya kupita muda wa saa 8 tangu ile ya kwanza, si saa nane ya ukutani, ndipo zinazofuata ni asubuhi na jioni. Wengi hukosea hapo. Uliza ukiwa dirishani, bomba la sindano la kupimia dawa likiwa mkononi, na wa nyuma yako akikohoa kwa kukuharakisha umwache akohoe. Na nesi akikwambia, "Haya mama, hebu nioneshe utampaje," usione anakudharau. Mwoneshe.