Fort Jesus na bahari siku moja: angalia mwezi kwanza

Swali ninaloulizwa kila mara na watu wa bara wanaoshuka na treni ni hili: tuna siku moja tu Mombasa, tuanze Fort Jesus (ile ngome ya zamani yenye makumbusho) ama tuanze bichi? Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni, na huwa nawajibu kwa kuuliza mwezi umefika wapi. Wanacheka, wanadhani natania.

Iko hivi. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua, yaani yanajaa sana na kupwa sana, na kwetu hapa bamvua hupwa kama saa nne saa tano asubuhi kisha yanajaa saa kumi jioni. Sasa wewe ukifika bichi ya Pirates saa nne na taulo lako begani utakuta mchanga na mwani mpaka hukooo, utaogelea wapi? Siku hizo ingia Fort asubuhi, baharini nenda jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yaani yanapanda na kushuka kidogo tu, mambo yanageuka, asubuhi ndio yamejaa kiasi, kwa hiyo oga kwanza halafu ukaone makumbusho mchana, wanafunga saa kumi na mbili jioni. Siku za katikati piga hesabu mwenyewe, kila siku maji huchelewa kama dakika 50.

Ukiwa Fort, tafadhali usimalize chaji yote kwa kupiga selfi na mizinga. Mizinga ni mizinga tu. Mimi napeleka watu kwanza kwenye ile michoro ya ukutani ya Wareno. Ngome walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, lakini hii michoro si ya mtu mkubwa kama yeye, ni ya askari na mabaharia waliokuwa wanakaa humo, wamechora kwa makaa na udongo mwekundu, meli, samaki, watu, kanisa. Jina la mchoraji hakuna. Kwangu mimi hii inashinda vyombo vyote vya kaure vilivyopangwa kwenye makabati, ingawa navyo ni vizuri sana, usivipite mbio, vimetoka Uchina vikaja kutumika huku kwetu pwani.

Halafu kuna vitu vya Santo António de Tanná. Hii ni meli ya Wareno iliyokuja kuokoa wenzao wakati Waomani wameizingira ngome, mzingiro ulianza 1696 ukaisha 1698 ngome ikachukuliwa, na meli yenyewe ilizama 1697 hapo hapo mbele ya ngome. Waakiolojia walipiga mbizi kuichimbua kati ya 1977 na 1980. Ukishaviona hivyo vitu usikimbilie chumba kingine, toka nje panda ukuta wa upande wa bahari uangalie chini, maana maji unayoyaona ndiyo yaliyoimeza. Watu wengi huwa wananyamaza hapo, hata wale watoto wasumbufu.

Na kama ni asubuhi ya bamvua, ukitoka zunguka ushuke ufukweni pembeni ya ngome. Maji yamekauka, utaona jinsi ukuta ulivyokaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mawe ya ukuta ni matumbawe hayo hayo, hujui jiwe limeanzia wapi mwamba umeishia wapi. Vaa kandambili, mwamba unakata.

Chakula utapata Mji wa Kale, pita barabara ya Ndia Kuu uangalie na milango ya nakshi. Kwa Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari, nenda ukale mihogo na dafu ukiangalia meli zinaingia bandari ya Kilindini, ila usiogelee pale, ni mkondo wa meli na kina chake si mchezo. Kuogelea ni Pirates, vuka daraja la Nyali, matatu zipo tele. Wakati wa upepo wa kusi mwani huwa mwingi na maji yanachafuka, ukitaka maji maangavu subiri kaskazi, Desemba mpaka Machi hivi.