Nani Alilipia Hii Picha?

Mwezi uliopita bibi mmoja alifika kaunta yetu ya nyaraka na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na picha nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja: wasichana watatu wamevaa kanga sare, nyuma yao pazia lililochorwa ngazi na minazi. Wa kulia ameweka mkono wa simu sikioni. Ukitazama vizuri, waya wa simu unaning'inia kando ya meza, haukuchomekwa popote. "Nyumbani hatukuwa na simu," bibi akacheka. "Ile ilikuwa ya studio."

Watu hutuuliza picha za zamani zisomwe vipi. Mimi huanza na swali la fedha: nani alilipia?

Mfaransa Daguerre alipotangaza uvumbuzi wake Paris mwaka 1839, picha ilikuwa bamba la shaba lililopakwa madini ya fedha, moja tu, haina nakala, na mtu alikaa kimya bila kutikisika hadi mwanga ufanye kazi yake. Mwingereza Talbot akaleta negativu ya karatasi, yaani picha ya kinyume ambayo nyeupe huonekana nyeusi, na hapo nakala zikawezekana. Mwaka 1888 Kodak ikauza kamera yenye filamu ya picha 100; ukimaliza unairudisha nzima kiwandani, wao wanasafisha picha. Wachoraji nao hawakubaki walipokuwa. Mwaka 1874 Monet na wenzake walifanya maonyesho yao ya kwanza katika iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar, wakifukuzia mwanga wenyewe badala ya sura iliyonyooka.

Zanzibar kamera ilifika mapema. Grant, aliyesafiri na Mwingereza Speke kutafuta chanzo cha mto Nile, alipiga picha huko mwaka 1860. Baadaye Wagoa, watu wa Goa huko India, kama A. C. Gomes na akina Coutinho wakafungua studio na kuuza postikadi. Zichunguze kadi hizo: chini ya sura ya mtu pameandikwa kabila au kazi yake, mara chache sana jina. Mnunuzi alikuwa msafiri, naye hakuhitaji kujua huyo ni binti wa nani.

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe. Mombasa nako akaja mpiga picha Parekh. Huku mwenye sura ndiye mlipaji, na kila kitu kinageuka. Anachagua kanga, pozi, na nani akae karibu naye. Redio, maua ya plastiki, simu isiyo na laini, vyote vipo tayari. Fundi naye, kwa penseli iliyochongwa kama sindano, anagusagusa juu ya negativu mpaka kovu la ndui linapotea. Wapo wanaoita huo uongo. Mimi naona ni ombi: nikumbukwe hivi.

Lakini kuna picha ambazo mlipaji wake hakuwa msafiri wala mwenye sura. Mei 1904, huko Baringa, Kongo, mmishonari Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala aliyeketi barazani akitazama mkono na mguu wa bintiye, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya kuvuna utomvu wa mpira. Picha hiyo na nyingine zilionyeshwa kwa taa ya kumulika ukutani katika mikutano Uingereza na Marekani. Kelele zikakua, na mwaka 1908 Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeimiliki Kongo kama mali yake binafsi, akapokonywa, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Ona pia kwamba jina la Nsala tunalo. Liliandikwa.

Nikarudi kwa bibi. Tukageuza picha: mhuri wa studio umefifia, na kwa kalamu, "Ukumbusho kwa kaka, Maskati." Nikamwomba ataje majina. Akayataja mawili, kisha akasita kwenye la katikati. "Shoga yake dada. Jina limenitoka."

Kama una bahasha kama hiyo, itoe kwenye kabati la ukuta wenye unyevu. Usibandike kwa gundi wala selotepu, na albamu za kurasa zinazonata zinaharibu. Negativu zihifadhi peke yake kwenye karatasi, mbali na joto. Andika majina nyuma kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Na ukiipiga kwa simu ili uwatumie ndugu, piga na mgongo wake.